Mama Hawezi Kupanda Basi

Kutoka Musoma hadi Tanga kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300. Kijana mwenye afya huzimaliza kwa basi, akafika amechoka, akalala, na kesho yake akasahau. Kwa mzee, hususan mzee wa kike, hesabu ni nyingine kabisa. Basi husimama pale linapotaka, si pale abiria anapohitaji. Kondakta hutangaza kwamba watu washuke "kuchimba dawa", na kila mwenye kusafiri nchi hii anajua maana yake: wanaume upande huu wa vichaka, wanawake upande ule, na honi inalia kabla mtu hajajifunga vizuri. Mama yetu ana miaka 77. Goti lake la kulia halikunji. Hawezi kuchuchumaa kichakani, na hata angeweza, asingekubali.

Kwa sababu hiyo, kwa miaka sita hakuonana na mdogo wake aliyebaki Tanga, ambaye naye macho yamekwisha na hasafiri. Waliongea kwa simu kila Ijumaa. Mwanzoni mwa mwaka Mama akaanza kusema jambo moja mara kwa mara, bila kulalamika, kama anayekumbushia deni: kwamba wawili wao ndio waliosalia katika tumbo la mama yao.

Sisi watoto wake tulikaa kikao. Kaka yetu mkubwa, anayeishi Bunda, alishauri ndege kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, kisha gari hadi Tanga. Ulikuwa ushauri wa busara na tuliuunga mkono. Mama ndiye aliyeukataa. Alisema ndege itamrusha juu ya nchi yote aliyoipita akiwa bi harusi. Mwaka 1967 alikuja kwa treni ya reli ya kati hadi Mwanza, kisha akapanda meli hadi Musoma, alikokuwa akisubiriwa na marehemu baba yetu, karani wa bandarini. Nusu ya safari ile ilikuwa usiku. "Nataka niione mchana," alisema. Hapo mjadala ulikwisha.

Tukakodi Hiace. Tuliondoa viti vya safu mbili za nyuma, tukatandika godoro, tukafunga kanga madirishani ziwe mapazia. Nyuma tulipanga madumu mawili ya maji, mtungi mdogo wa gesi, sufuria, mikeka, birika la udhu, na kiti cha plastiki tulichokikata tundu katikati, chenye ndoo yake yenye mfuniko na pazia lake. Kiti hicho kilikuwa ndio moyo wa gari. Pasipo hicho, kusingekuwa na safari. Dereva wetu, kijana Mkristo kutoka Tarime, alikitazama mara moja tu na kusema kwamba mama yake pia angependa kuwa nacho.

Tuliondoka Musoma baada ya Alfajiri, tukasoma dua ya safari, na kufika Makutano tukashika njia ya Butiama kumchukua shangazi, ambaye ni wifi na rafiki wa Mama tangu siku ile ya meli. Watoto walitaka kuona Mwitongo, makazi ya familia ya Mwalimu Nyerere, na kaburi lake. Mama alibaki garini chini ya kivuli, lakini watoto waliporudi aliwauliza kama wameambiwa kwamba Mwalimu alipoanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alitoka hapa kwa miguu. Walikuwa wameambiwa. "Basi asinilalamikie mtu joto," akasema.

Usiku wa kwanza tulilala Bunda kwa kaka, na hapo likazuka swali la watoto ambalo tunaona lina faida kwa familia nyingine. Tulikuwa tumekwisha kuwafundisha kwamba msafiri amepewa rukhsa, iliyotajwa katika Surat An-Nisaa aya ya 101, ya kupunguza swala za rakaa nne ziwe mbili. Kwamba Maghrib na Alfajiri hazipunguzwi. Na kwamba rukhsa huanza mtu akishayapita majengo ya mji wake. Adhuhuri na Alasiri tuliziswali Butiama rakaa mbili mbili, tukizikusanya. Wakati wa Isha, kaka akatangulia kuswalisha nyumbani kwake, na sote tukaswali nne. Binti yetu wa miaka tisa alihisi amedhulumiwa. Tukamweleza kwamba baba yake mkubwa usiku ule alikuwa bado mkaazi, safari yake ingeanza asubuhi, na msafiri akimfuata imamu mkaazi hutimiza swala pamoja naye. Alifikiri kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo Baba Mkubwa akiswali kesho njiani, naye zitakuwa mbili?" Zitakuwa mbili. Kesho yake alimhesabia.

Baada ya Bunda barabara huambaa na ukingo wa Serengeti hadi lango la Ndabaka. Karibu na Lamadi tuliikuta gari-nyumba halisi, ile ya wageni wa kutoka Ulaya: lori refu lenye chumba mgongoni, madirisha ya vioo, ngazi ya kukunja. Waliokuwamo ni mzee na mkewe, watu wa umri wa shangazi hivi. Walituonyesha kitanda, jiko na choo, wakaomba nasi tuwaonyeshe gari letu. Yule bibi alipokiona kiti chetu cha plastiki alicheka hadi akashika ubavu, kisha akampa Mama mkono kwa heshima kubwa. Mama aliuliza, kupitia kwetu, watoto wao wako wapi. Wawili, wakajibu, wana kazi, wanawapigia simu. Garini shangazi alianza kuwasikitikia, na Mama akamkatiza kwamba yeye mwenyewe amekaa miaka sita na simu.

Mwanza tuliipita pembeni kwa njia ya Usagara, tukashuka Shinyanga, na kulala Nzega katika kituo cha mafuta, wanawake ndani ya gari na wanaume juu ya mikeka nje, kwa idhini ya mlinzi ambaye tulikula naye ugali na dagaa wa Musoma. Mwendo wetu ulikuwa wa Mama. Kila saa mbili tulisimama, akanyooshwa miguu, shangazi akamsugua mafuta. Magari yalitupita yote.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mahali fulani katikati ya nchi, hatutapataja, tulisimama kwenye msikiti wa kando ya barabara kuswali Adhuhuri. Msikiti mzuri, mnara mrefu, marumaru mpya. Wanaume tulipata maji, kivuli na safu. Sehemu ya wanawake ilikuwa imefungwa kufuli. Kupitia dirishani zilionekana mifuko ya saruji na mikeka chakavu. Tuliambiwa ufunguo anao mweka hazina, naye amekwenda mnadani. Kina mama wanne, mmoja wao asiyeweza kusimama kwa muda mrefu, walingoja juani hadi shangazi alipochoka kungoja.

Dereva ndiye aliyepata njia. Alimuuliza kaka kibla ni wapi, akawasha gari, akaligeuza lote mahali pale uwanjani mpaka pua yake ikaelekea kibla, akazima injini, akaenda kusimama mbali. Mama akaswali kwenye kiti, ndani, pazia likiwa limeshushwa. Wengine wakatandika mkeka ubavuni pa gari. Tangu siku hiyo dereva alifanya hivyo kila kituo bila kuambiwa. Akajua hata kwamba kibla hakikai pamoja: kutoka Musoma ni takriban nyuzi 14 kutoka kaskazini kuelekea mashariki, Dodoma kimekuwa nyuzi 8, na ukifika pwani ni kaskazini takribani moja kwa moja. Alisema barabara inamnyoosha.

Sisi ni watu wa kamati ya msikiti, na tunazijua hoja za kamati kwa sababu tumezisikia na kuzijibu. Mikeka huibwa. Watoto huchafua. Wanawake wa mtaa hawaji, sehemu inakaa bure. Hizi si hoja za uongo, lakini zinasahau kwamba msikiti wa barabarani hauna mtaa mmoja. Mtaa wake ni nchi nzima. Mtume (s.a.w.) alikataza wanawake wazuiliwe misikiti, na kufuli huzuia kuliko mlinzi, kwani kufuli haliombeki. Msafiri amepewa fungu lake miongoni mwa mafungu manane ya zaka katika Surat At-Tawba aya ya 60. Ambaye Qur'ani imemhesabia fungu la mali, inakuwaje ashindwe kupata ufunguo wa choo? Mwanamume akikosa msikiti ataswali chini ya mti wowote. Mzee wa kike mwenye goti bovu anahitaji vitu vinne: mlango ulio wazi, bomba la kimo cha kiuno, choo cha kukalia na kiti kimoja. Marumaru hakuiulizia.

Suala hili tumelipeleka katika kamati yetu Musoma. Sehemu ya wanawake itabaki wazi kuanzia Alfajiri hadi baada ya Isha, na viti viwili vimekwisha kununuliwa. Mzee mmoja wa kamati alisisitiza kwamba mikeka itaibwa. Huenda ikaibwa. Bei ya mkeka tunaijua.

Dodoma tulilala kwa jamaa, Morogoro katika ua wa msikiti ambao imamu wake alimletea Mama uji wa moto kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya tano tukapita Chalinze, tukavuka Wami, tukakunja Segera, na Mama akaanza kukaa wima, akifungua pazia kila minazi ilipoonekana.

Nyumba ya mama mdogo iko ndani ya kichochoro ambacho Hiace haiingii. Tulimbeba Mama kwenye kiti, wanaume wanne. Mdogo wake alikuwa ametolewa barazani. Hakuona kitu, lakini aliposikia vishindo vyetu alinyoosha mikono yote miwili hewani na kuuliza kwa ukali mbona wamechelewa. Mama alimpa uso wake aupapase. Yule mdogo alipapasa paji, mashavu, kidevu, kisha akasema, "Umekonda." Wakalia kidogo, wakaanza kusutana juu ya bangili iliyopotea tangu kabla ya Uhuru. Tuliwaacha.

Sisi tulikuwa tumenuia kukaa siku tatu, basi tuliendelea kuswali kisafiri. Adhuhuri ya siku ya pili Mama aliswali kwenye kiti chake pembeni mwa mdogo wake, na binti yetu, ambaye tangu Bunda alikuwa akihesabu rakaa za kila mtu, akaja kutunong'oneza kwamba Bibi amekosea, ameswali nne.

Tukamngoja amalize nyiradi. Kaka akamuuliza kwa adabu ikiwa amesahau kwamba yeye ni msafiri.

"Sijasahau," alisema. "Nimenuia kukaa."

Hatukubishana naye. Dawa zake za mguu tunazituma kwa basi kila mwezi, na simu ya Ijumaa sasa inakuja upande wetu. Huwa wanaipokea wote wawili kwa pamoja, na ni vigumu kujua nani anasema. Kile kiti cha plastiki kilibaki Tanga.