Barua kutoka Leipzig: Mzigo wa Lindi Uliofika Berlin

Shikamoo Mjomba,

Natumaini Bibi anakunywa dawa zake bila kugombana na mtu, na kwamba mvua za safari hii hazijawaingilia ndani. Mimi ni mzima. Uliniuliza kwenye simu kama wanafunzi wa huku tuna muda wa kutembea, au ni vitabu na kuosha vyombo tu. Vyote vipo. Sheria inamruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi siku 140 kwa mwaka, au nusu siku 280, na mimi zangu nyingi zinaishia jikoni kwa watu. Lakini wikiendi iliyopita tulijitoa, tukaenda Berlin.

Usije ukatangaza kijiweni kwamba mpwa wako ana hela. Zile euro 11,904 ambazo ubalozi hutaka kuziona kabla ya kutoa viza zinafungiwa kwenye akaunti inayoachia euro 992 tu kwa mwezi, na kodi ya chumba inameza sehemu kubwa. Kilichotuwezesha ni tiketi, na hapa wewe uliyezeekea stendi utanielewa kuliko wote nyumbani.

Wajerumani wana tiketi moja ya mwezi inayokupandisha treni za mikoani, mabasi ya mjini, tramu na treni za chini ya ardhi, nchi nzima, kadiri miguu yako itakavyotaka. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, mwaka 2025 ikapanda hadi 58, na 2026 ikafika 63. Sisi wanafunzi tunaipata kwa bei nafuu, inalipwa pamoja na michango ya muhula. Treni za mwendo mkali ndizo haziitambui. Hizo zinakufikisha Berlin kwa saa moja na robo hivi. Sisi tunazunguka: unapanda hadi Lutherstadt Wittenberg, mji ambako Martin Luther alizusha mageuzi yake ya kanisa mwaka 1517, unashuka, unasubiri, unapanda nyingine. Ukijumlisha na kusubiri, ni karibu saa tatu. Hakuna geti, hakuna konda, hakuna wa kukuvuta begi akikuapia kwamba gari linaondoka sasa hivi wakati dereva bado yuko kwa mama ntilie. Unaingia, unakaa. Mkaguzi akipita ukawa huna tiketi, faini ni euro 60.

Tulikuwa wanne: mimi, dada mmoja wa Eldoret anayesomea uhandisi, jamaa wa Bukavu, na Mjerumani mmoja anayejifunza Kiswahili hapa chuoni. Kwa Kiswahili cha vitabuni huyo Mjerumani anatupita wote. Sisi watatu tukianza kubishana, Mkenya na chake, Mkongo na chake, mimi na changu cha Ubungo, yeye anatoa daftari. Dada alibeba chapati, mimi nikabeba pilau kwenye kontena, kwa sababu mkate wa nyama wa Kituruki, ambao ndio chakula cha mwanafunzi kule, unafika euro 7. Usiku tulijibana kwa rafiki wa yule Mkongo, bwenini, sakafuni, kila mtu na blanketi lake.

Lango la Brandenburg tulilipiga picha, na vipande vya Ukuta ulioanguka mwaka 1989 tukavipiga picha. Hayo umeyaona kwenye televisheni, sitakuchosha nayo. Nataka nikueleze tulichokiona kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili, ambayo wenyewe wanayaita Museum für Naturkunde.

Ukishakata tiketi unaingia ukumbi mmoja mkubwa wenye paa la kioo, na katikati amesimama dinosaria wa Lindi. Ni mifupa mitupu iliyoungwa kwa vyuma, urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa duniani inayojulikana kuwa mirefu kwenda juu kuliko hiyo. Nilisogea hadi kwenye uzio, nikaangalia mguu wa mbele. Mfupa wa juu peke yake una zaidi ya mita 2. Rangi yake ni kahawia iliyoiva, una nyufa zilizozibwa, na ukikaza macho unaona mahali kipande kilipokutana na kipande. Mnyama huyo aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Wajerumani walimwita Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya mkurugenzi wa makumbusho Wilhelm von Branca, na siku hizi wataalamu wanamwita Giraffatitan.

Mtoto mmoja wa Kijerumani alikuwa anamuuliza baba yake mnyama huyu alikula nini. Mimi nilikuwa na swali lako, Mjomba, lile unalouliza kila ukiona kontena limeshushwa au nyumba imeezekwa: nani kabeba, na kalipwa ngapi?

Mnyama huyo alivyofika Berlin ni hivi. Mwaka 1906 mhandisi wa migodi, Bernhard Wilhelm Sattler, aliiona mifupa imetokeza ardhini pale Tendaguru, kilima kilichoko kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Mwaka 1909 makumbusho ya Berlin yakatuma watu, Werner Janensch na Edwin Hennig, na uchimbaji ukaendelea hadi 1913. Angalia hiyo miaka. Vita vya Maji Maji vilianza 1905 kwenye vilima vya Matumbi, Kilwa, na vilipozimwa, mashamba yalikuwa yamechomwa, na kwa vita na njaa wanakadiriwa kufa watu hadi 300,000. Juu ya hayo kulikuwa na kodi iliyoanza 1898, na Mjerumani alitaka kulipwa kwa fedha. Mtu wa Lindi aliyekwenda kuchimba mifupa alikuwa anatafuta rupia akiwa na njaa tumboni na makaburi mapya nyuma ya nyumba.

Walikuwa wengi. Miaka ya kilele walifika kama 500. Kijiji kizima kikaota pale kilimani, wafanyakazi na wake zao na watoto, mahali ambapo maji yenyewe yalikuwa ya kufuatwa mbali. Waliokuwa mafundi walijifunza kuufukua mfupa taratibu, kuufunika plasta, na kuugawa vipande ili uwe mzigo wa mtu. Baadhi ya vipande vilifungwa kwa mianzi iliyofumwa kuzunguka, kama yale matenga ya nyanya unayoyajua, na hadi leo kwenye ghala la Berlin yamo matenga ambayo hayajafunguliwa. Kisha wapagazi wakajitwika. Hapakuwa na reli wala lori. Ni kichwa na ngata, na mizigo mizito ikaning'inizwa kwenye mti, watu wakaweka mabega. Kutoka Tendaguru hadi bandarini Lindi ilikuwa safari ya siku kadhaa kwa miguu, halafu wanarudi kuchukua mwingine. Mifupa yote iliyosafirishwa inakadiriwa kuwa tani 230 hivi.

Jaribu kupiga hesabu hiyo kwa vichwa vya watu, wewe uliyekuwa unashusha magunia kwenye mabasi ya kusini pale Ubungo kabla stendi haijahamia Mbezi mwaka 2021. Utaelewa upesi kuliko profesa.

Jina moja limebaki: Boheti bin Amrani. Huyu alikuwa msimamizi mkuu wa wafanyakazi na fundi hodari wa kuifukua mifupa, na Waingereza walipokwenda kuchimba palepale kuanzia 1924, walimwajiri yeye. Mwaka 2007 mtaalamu wa Kijerumani alimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina Australodocus bohetii, na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia, kwa ajili ya kabila la Wamwera. Von Branca alipewa mnyama wake mwaka uliofuata kuisha kwa uchimbaji. Boheti kasubiri karibu miaka mia.

Mifupa ilisimamishwa rasmi mwaka 1937, na picha za siku hiyo zinaonyesha bendera za Manazi zimetundikwa ukumbini. Mizigo ya watu wetu imeona mengi, Mjomba.

Tulipotoka, yule Mjerumani wetu alituambia tupande treni ya chini ya ardhi, namba U6, tusonge vituo vichache kaskazini, tushukie Afrikanische Straße. Nilidhani ananitania. Upo mtaa mzima unaoitwa wa Kiafrika, katika eneo la Wedding: Sansibarstraße, Tangastraße, Ugandastraße, Kongostraße. Nyumba ni za kawaida, watu wanaanika nguo na kutembeza mbwa, na dada wa Eldoret akalalamika kwamba Kenya imesahauliwa. Mkongo akamwambia ashukuru. Barabara moja pale ilipewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee walimwita Mkono wa Damu, aliyefukuzwa kazi mwaka 1897 kwa kunyonga watu Kilimanjaro. Mwaka 1986 wenye mji wakaona aibu, lakini badala ya kung'oa kibao wakatangaza kwamba kuanzia sasa Peters ni Peters mwingine, Hans, mwanasheria. Ndipo Agosti 2024, baada ya wakazi na Waafrika wa Berlin kusukumana na manispaa miaka mingi, kipande cha barabara hiyo kikaitwa Maji-Maji-Allee, na kipande kingine kikapewa jina la Anna Mungunda wa Namibia. Nilipiga picha chini ya kibao, nitakutumia.

Jumapili maduka ya huku yamefungwa, kwa hiyo ni siku ya kutembea bila gharama. Tulikwenda Brunnenstraße, katikati ya mji, kumtafuta mtu wa Dar es Salaam. Mbele ya nyumba moja, kwenye sakafu ya njia ya waenda kwa miguu, kimetiwa kibao kidogo cha shaba mwaka 2007, sentimita 10 kwa 10, chenye jina la Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kijerumani, na yeye mwenyewe akaingizwa jeshini angali mtoto kwenye Vita vya Kwanza. Unajua kilichompeleka Berlin mwaka 1929? Kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukuwa umelipwa. Akajibiwa kwamba kachelewa, muda wa madai umepita. Akabaki hukohuko, akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu, mojawapo ikiwa ile ya mwaka 1941 ya kumsifu Carl Peters. Mwaka huohuo wakamkamata kwa kuwa na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafa Novemba 1944.

Kwenye treni ya kurudi tulibishana hadi Wittenberg. Mkongo anasema mifupa irudi kesho asubuhi. Dada anasema irudi wapi, itunzwe na nani. Mjerumani alikaa kimya, na nadhani alifanya vizuri. Bungeni kwetu wapo waliotaka irudi. Mwaka 2018 Balozi Augustine Mahiga, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alisema serikali haitaidai, inataka ushirikiano wa uchimbaji na makumbusho nyumbani. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba radhi kwa ajili ya Maji Maji.

Mimi naona wote wanaanzia mwisho. Wanabishana mfupa ni wa nani, na mbeba mfupa hayupo mezani. Radhi ni nzuri, na kibao cha barabara ni kizuri. Lakini Lindi ilifanya kazi miaka minne, ikafukua, ikafunga, ikabeba, na kazi ina bei. Wenye makumbusho wanauza tiketi kila siku kwenye ukumbi ule. Kama mifupa itabaki, basi pale Lindi pawe na shule, barabara ya kufika Tendaguru, na vijana wanaosomeshwa kuchimba kilichobaki, kama deni na siyo msaada. Kama itarudi, basi irudi na deni lake. Ndiyo hoja niliyoitoa, na Mkongo akasema nimeongea kama mtu wa stendi. Nilimshukuru.

Sasa Mjomba, nina kazi yako. Nimemwomba mwalimu wangu niandike insha ya muhula kuhusu wapagazi wa Tendaguru, akakubali. Vitabu vya Wajerumani vinaniambia uzito na idadi, havinielezi kazi. Nirekodie kwa sauti kwenye WhatsApp: mzigo ambao haujai mkononi mnaufungaje, watu wawili wakibeba pamoja nani anaongoza, bei mnapatanaje, na mwenye mzigo akikataa kulipa mkishafika mnafanyaje. Waulize na wenzako wa Mbezi, hasa wale wa asili ya Lindi na Mtwara. Sema taratibu, usirekodie barabarani Ubungo mataa kwenye honi. Nitakutaja kwa jina lako kamili, hapohapo wanapotajwa maprofesa.

Nimetuma kitu kidogo kwenye simu ya Mama, nusu ni ya dawa za Bibi na nusu ni ya vocha yako ya kurekodi. Usiipeleke kwenye kahawa. Wasalimie wote, na watoto waambie wasome.

Mpwa wako,
Leipzig