Kama Tunafika Beni

Juni 2013 nilivuka daraja la Lubiriha kwa miguu, nikitoka Mpondwe upande wa Uganda kuingia Kasindi, nikaona saa inarudi nyuma. Uganda ilikuwa saa nne asubuhi; Kongo ya mashariki ilikuwa bado saa tatu. Begini nilikuwa na vitenge viwili vya zawadi (kumpelekea mtu wa Butembo vitenge, mji ambao wafanyabiashara wake hufuata nguo mpaka Dubai! Nilikuja kujicheka baadaye) na kitabu cha sarufi ya Kihispania kilichong'oka jalada.

Kihispania nilikitaka kwa sababu ya tumbo. Mimi ni mwongoza watalii Arusha, na Wahispania hutujaa mwezi wa Agosti. Nilikuwa nimekwama kwenye sura moja, ile ya "cuando" na "hasta que". Kitabu kinasema jambo la kila siku, au lililokwisha, lina kitenzi chake cha kawaida: "cuando llego", kila nifikapo. Jambo likiwa bado halijatokea, kitenzi hubadilika sura: "cuando llegue". Kanuni niliikariri, ila ulimini haikukaa.

Kasindi hadi Beni ni kilomita kama 80, na siku hizo barabara yote ilikuwa vumbi. Tulibanwa wanne kiti cha nyuma. Dereva aliponiona nauma midomo kwa njaa akaniambia, "Papa, kama tunafika Beni, utakula sombe."

Kama? Nilikaa na neno hilo kifuani. Kwetu anayesema "kama tunafika" ana wasiwasi wa kufika. Tukaingia Hifadhi ya Virunga, nyasi pande zote, milima ya Ruwenzori mkono wa kulia imejifunika mawingu, tukavuka mto Semuliki, na mimi bado nahesabu magari tunayopishana nayo. Mwishowe nikauliza, "Kaka, kwani tunaweza tusifike?"

Gari zima likacheka. Mama aliyekaa pembeni yangu na ndoo ya mawese magotini akanigusa mkono. "Tutafika, papa. Ni vile tunasema."

Ni vile wanasema kweli. Pale ninaposema "tukifika" au "tutakapofika", wao hutumia "kama tunafika" bila shaka yoyote ndani yake. Sombe niliila Beni, kisamvu chenyewe, saa saba ya huko.

Kutoka Beni kwenda Butembo ni kilomita 54 za kupanda. Butembo uko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, vilima vimejaa mikaratusi, na jioni ina baridi ambayo hakuna aliyenionya. Mwenyeji wangu, niliyesoma naye Kampala, alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Nikamtolea kitabu changu kando ya jiko la makaa.

Akasoma, akatikisa kichwa. Kifaransa, alisema, hakina taabu hiyo kwenye "quand": nitakapofika ni "quand j'arriverai", wakati ujao wa kawaida, basi. Lakini kwenye "kabla" nacho hubadili kitenzi, tena watu wa kuandika vizuri huchomeka kijineno cha kukanusha kisichokanusha kitu: "avant que je n'arrive". Nikaruka kitini. Sisi je? Kabla sijafika! Nani aliyekanusha kufika? Hakuna. Ila safari haijatimia, na Kiswahili hakikubali kuisema kana kwamba imetimia.

Mama yake alikuwa anatusikiliza. "Muongeze makaa," akasema, "kusudi chai isipoe. Na mbele ya kulala, mukule."

Ndipo sura ile ya kitabu ikanifungukia. "Kusudi isipoe": baada ya kusudi, au ili, hatusemi "haipoi" wala "haitapoa". Mhispania naye, baada ya "para que", hana ruhusa ya kitenzi kingine. Na "mpaka nifike" ndiyo "hasta que llegue" yenyewe, tofauti na "mpaka nikafika", ambayo ni "hasta que llegué", mtu ameshafika anasimulia. Nilikuwa nakariri kwa jasho kitu nilichokisema tangu nina miaka mitatu.

Nikamwongezea rafiki yangu moja: hiyo "hasta" ni Kiarabu, "hatta", iliyobaki Hispania baada ya Waarabu waliofika huko mwaka 711. Neno lilelile lilitua pwani yetu likawa "hata", na wazee wa pwani bado husema walikesha hata asubuhi. Akalirudia mara mbili, kisha akaenda kumweleza mama yake, ambaye aliuliza kama chai imetosha.

Nilikaa siku tisa. Mwaka uliofuata, kuanzia Oktoba, yalianza mauaji ya raia vijijini karibu na Beni. Agosti 2018 ikatangazwa Ebola, iliyochukua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kwisha Juni 2020. Kila habari ilipotoka nilipiga simu Butembo.

Lakini siku ile ya kuondoka, mwaka 2013, nimeshavuka daraja na saa imeruka mbele tena, simu ililia. Alikuwa mama wa rafiki yangu.

"Umefika?"

"Sijafika, mama. Niko Mpondwe."

"Basi, kama unafika, utatupigia."

Nikasema nitapiga, nikaenda kutafuta basi la Kampala.