Nyumba ni zilezile, bei si moja

Kipangu tunamopanga hapa Nyakiriba kina nyumba sita, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Fundi alikuwa mmoja. Kila nyumba iko na saloni, vyumba viwili, bati na mlango wa chuma. Lakini ya juu inalipiwa faranga 35,000 kwa mwezi, nne za katikati 28,000, na ya chini 18,000.

Tulipokimbia Goma mwaka 2025, mama alimuuliza komisiyoneri: "Mtoto wangu, kama nyumba ni moja, bei inatofautiana juu ya nini?" Akajibu: "Mama, hapa watu hawalipi matofali."

Kweli. Nyumba ya juu iko na jirani upande mmoja tu, robine karibu na mlango, na kashi pawa yake mwenyewe. Za katikati zinatumia kashi pawa moja. Umeme ukiisha, maneno yanaanza: nani alipiga pasi, nani ana friji? Ya chini inapokea maji ya kilima chote.

Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mto Sebeya ulitoka kwenye kingo zake. Mvua ile iliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda. Tangu hapo mpangaji anauliza kwanza: maji yanapita wapi? Anaangalia na ukuta pia, maana Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, matetemeko yalipasua nyumba nyingi Goma na Gisenyi. Ukiona ukuta mmoja tu umepakwa rangi mpya, uliza unaficha nini.

Kwetu Goma tulijua hayo. Nyumba mbili za mbao zinafanana, lakini moja imesimama juu ya mawe ya volkano. Kuchimba choo pale ni kazi ya nyundo na siku nyingi. Hata magorofa ya Kigali ni vilevile: apatimenti mbili za ramani moja, moja inaona bonde, ingine inaona ukuta wa jirani. Ingine kodi yake ni ndogo, halafu kila mwezi kuna pesa ya mlinzi na ya usafi.

Na kuna bei ya anayeuliza. Mahali pengine, mwenye nyumba aliposikia Kiswahili chetu, alidai miezi mitatu mbele. Mnyarwanda aliyetutangulia alikuwa ameombwa mmoja.

Mimi nilitaka ile ya 18,000. Mama akahesabu kwa vidole: godoro likilowa, mtoto akikohoa, dawa, siku moja bila kwenda kuuza nyanya. "Hiyo ya chini ndiyo ya bei kali," akasema. Tukachukua ya katikati. Zile 10,000 za ziada tunanunua usingizi.

Nyumba ya chini ilipangwa na mama mmoja wa Masisi, mwenye watoto wanne. Yeye hakuwa na cha kuchagua. Mvua ikianza usiku anagonga kwetu, watoto wanalala kwenye saloni yetu. Mwenye kipangu hajaongeza kitu kwa hiyo, na sisi hatujamwambia.