Kivulini mwa Hāpuʻu

Wageni wengi hupanda volkano ya Kīlauea, Hawaii, kutafuta moto. Siku yangu nilikuta mvua. Ukungu ulifunika kreta yote, sikuona hata moshi, basi nikaingia njia ya msituni inayokwenda pango la Nāhuku. Sikujuta.

Huku kwetu kangaga ni jani la kando ya kijito, watu hulipita bila kuligeukia. Hāpuʻu, kangaga la visiwa vya Hawaii ambalo halina asili kwingineko, ni mti. Makuti yake ni marefu kuliko mtu, na juu ya njia yanapishana kama paa lililochakaa: mvua inapenya, jua halipenyi. Makuti machanga huchomoza yamejikunja kama konokono, yamevikwa manyoya ya rangi ya dhahabu. Niliyagusa. Ni sufi tupu.

Na yaliuzwa kama sufi. Kuanzia miaka ya 1850 manyoya hayo, pulu kwa Kihawaii, yalipakiwa merikebuni hadi California kujazia mito na magodoro. Haikuchukua muda yakasagika, na wenye magodoro wakajikuta wamelalia vumbi.

Kilichonisimamisha zaidi ni ʻōhiʻa, mti wa maua mekundu. Mbegu yake ndogo mno huangukia shina bichi la hāpuʻu, ikaota papo hapo na kuteremsha mizizi hadi chini. Mlezi akishaoza, ʻōhiʻa hubaki kasimama juu ya mizizi mitupu kama mcheza ngongoti.

Wahawaii husimulia kwamba Kamapuaʻa, mungu mwenye umbo la nguruwe, alipogombana na Pele, mwenye volkano, alilizingira shimo lake, Halemaʻumaʻu, kwa ʻamaʻu, kangaga jingine la huko. Nguruwe wa leo hawana fadhila hiyo. Huangusha hāpuʻu, hula kiini chake chenye wanga, na ndani ya gogo lililobaki maji hutuama. Hapo huzaliana mbu wanaowaambukiza ndege wa asili malaria yao. Sisi wa pwani tunayajua madimbwi ya namna hiyo.

Ukienda, beba sweta. Kule juu ni zaidi ya mita 1,000 na baridi haina mzaha. Na ukikuta brashi ya viatu mwanzoni mwa njia, sugua soli vizuri kabla hujaingia: kuvu inayoua ʻōhiʻa husafiri kwenye tope.