Kwa Nini Katanga Huungua Kila Mwaka

Mwezi wa nane, jua la Katanga huzama jekundu kama chungu kinachotolewa motoni. Ni kwa sababu ya moshi. Nguo zilizoanikwa nje hunuka moshi, na asubuhi tunafuta masizi juu ya meza za darasa kabla ya kufungua madaftari. Watu wa huku wamezoea. Lakini mwaka mmoja alikuja kwetu kijana kutoka Kisangani, akaniuliza: "Mwalimu, mbona nchi yenu inaungua? Kwetu miti ni mingi kuliko hapa, na msitu wetu hauungui." Nilipenda swali lake. Wengi wamezaliwa hapa na hawajauliza hivyo hata siku moja.

Wenzake darasani walimjibu upesi: "Ni ukavu!" Jibu hilo ni nusu tu. Kama ukavu ungetosha, jangwa la Sahara lingeungua kuliko nchi zote. Lakini haliungui, kwa maana moto hauli mchanga. Moto unataka chakula, nao unataka chakula kikavu.

Basi tutazame Kisangani. Huko chakula cha moto kimejaa tele, lakini kimelowa. Mvua hunyesha kila mwezi, jumla yake kama milimita 1700 kwa mwaka. Chini ya miti mikubwa kuna kivuli kizito, upepo haufiki, na nyasi ndefu haziwezi kuota. Ukitupa kijinga cha moto pale, kitatoa moshi kidogo kisha kitazimika.

Katanga iko katikati ya hizo mbili. Lubumbashi hupata mvua kama milimita 1200 kwa mwaka, wala hiyo si haba. Lakini karibu yote hunyesha tangu mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa nne. Halafu mbingu hufungwa. Mwezi wa sita, wa saba na wa nane hupita bila tone. Ona basi jinsi kazi inavyogawanywa: mvua hupika chakula cha moto, na jua hukikausha. Nyasi zilizonyweshwa vizuri hupita kichwa cha mtu mzima, na miezi mitatu baadaye zote zimekuwa kama karatasi. Kwa hiyo mtu anayefurahia masika mema afahamu pia kwamba mara nyingi kiangazi kitakachofuata kitakuwa na moto mkali.

Miti yetu nayo ina sehemu yake. Msitu wa hapa tunauita miombo, neno la Kibemba. Matawi yake hayafungi anga kama yale ya msitu wa Kisangani. Jua hupenya mpaka chini, na nyasi huota hata miguuni pa mti. Moto ukiingia msituni humo hupata njia iliyo wazi, hupita chini kwa chini kutoka nyasi hadi nyasi.

Hali hii si ya Katanga peke yake. Ukanda wa nyasi na miti unazunguka msitu mkubwa wa Kongo upande wa kusini, wa mashariki na wa kaskazini. Siku hizi kuna mitambo inayozunguka dunia angani na kupiga picha za mioto. Picha hizo zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya ardhi yote inayoungua duniani kila mwaka iko katika Afrika.

Lakini nani anawasha? Wengine husema ni radi. Fikirini kidogo: radi huja pamoja na mawingu ya mvua. Mwezi wa nane hakuna mawingu, basi radi itoke wapi? Katika kiangazi cha Katanga karibu kila moto una mtu wake. Mkulima anasafisha shamba. Mchoma makala anaacha tanuru lake bila mlinzi. Mrina asali anadondosha mwenge. Na wavulana wanataka panya.

Nawajua vizuri hao wa panya, maana wengine wako darasani kwangu. Kuna kijiji kimoja, nami sitakitaja jina, ambacho wavulana wake waliwasha nyasi bondeni mwishoni mwa mwezi wa tisa. Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo nyasi hazina umande hata kidogo. Kijiji kilikuwa juu ya kilima. Moto unaopanda mlima hukimbia sana kuliko ule wa uwandani, kwa sababu ndimi zake huinamia nyasi zilizo mbele na kuzikausha kabla ya kuzifikia. Upepo ukaja nyuma yake. Wavulana walitupa fimbo zao, wakakimbia. Cheche ziliruka juu ya njia iliyolimwa, zikatua juu ya paa la nyasi la ghala moja, kisha la pili, la tatu. Mahindi ya nyumba tatu yaliungua kabla jua halijazama. Nilifika kesho yake kwa baiskeli. Mama mmoja alikuwa anachambua majivu kwa vidole, akitenga punje ambazo hazijawa nyeusi kabisa. Alikuwa na nusu ya kikapu, na mvua za kupanda zilikuwa bado mwezi mzima au zaidi.

Je, tuzuie moto wote basi? Hapa nawapeni habari ya Ndola, mji wa Zambia ulio karibu na mpaka wetu. Mwaka 1933, nchi hiyo ilipokuwa ikiitwa Rodezia ya Kaskazini, wataalamu walianza kupima msitu wa miombo vipande vipande. Kipande kimoja walikichoma kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi. Kingine walikichoma mwishoni mwa kiangazi. Cha tatu walikilinda kisiguswe na moto. Bwana Trapnell aliandika matokeo mwaka 1959. Mahali pa moto wa mwisho, miti ilikufa na nyasi zikatawala. Mahali pa moto wa mapema, miombo ilibaki. Mahali palipolindwa, vichaka vya kijani viliota vikafunga ardhi.

Sababu yake si ya uchawi. Mwezi wa tano moto hupita kwa madoa, ukila hapa, ukiacha pale, nao ni mfupi. Mwezi wa tisa miombo inachipua majani mapya mekundu kabla ya mvua. Moto mrefu ukifika wakati huo, unaua machipukizi na miche yote. Tena nyasi zinaota upya kwa nguvu, na mwaka ujao zinaleta moto mrefu zaidi. Hivyo moto wa mwisho wa kiangazi unajitengenezea shamba lake mwenyewe.

Kuna nchi ambazo chakula cha moto hakiliwi kila mwaka, bali kinalimbikizwa. Katika jimbo la Victoria, Australia, misitu ni ya mikaratusi, ile miti tunayoipanda hapa kwa nguzo. Majani yake yana mafuta, na magome yake hubanduka vipande virefu ambavyo upepo unaweza kuvibeba vikiwaka kilomita nyingi. Takataka hizo hukaa chini miaka mingi. Tarehe 7 mwezi wa pili mwaka 2009, joto la Melbourne lilifika digrii 46.4, upepo ukavuma kwa nguvu sana, na watu 173 wakafa motoni. Nyumba zaidi ya 2000 ziliharibika. Hao ni watu wenye magari ya zimamoto na simu. Kwa maoni yangu hakuna gari linaloweza kusimama mbele ya chakula cha miaka ishirini kinachowaka kwa siku moja.

Kile kijiji cha kilimani bado kipo. Sasa kila mwezi wa tano mzee mmoja hushuka bondeni asubuhi na mapema, huvunja bua la nyasi na kulitazama. Likikatika kwa mlio, husema wamechelewa, na watu hulima tu ukanda mpana kuzunguka maghala. Likipinda bila kukatika, huwaita vijana waje na matawi mabichi ya kupigia moto, nao huchoma ukanda kuzunguka kijiji polepole, umande ukiwa bado juu ya nyasi.