Jua Linapochomoza Lenana

Nchi yetu ilipata jina lake kutokana na mlima, lakini ni wangapi kati yetu tuliowahi kuukwea? Wengi huuona kwa mbali tu, asubuhi isiyo na mawingu, au wakipita Naro Moru na Nanyuki kwa matatu.

Vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni vya wenye kamba na ujuzi wa kuparamia miamba. Lakini Lenana, chenye mita 4,985, hufikiwa kwa miguu. Zawadi yake kubwa ni macheo.

Kwenye kambi ya Shipton, mita 4,200 hivi, wakwea huamshwa saa nane usiku. Hunywa chai, huvaa kila nguo waliyobeba na kufuatana kwa tochi. Kwa nini usiku? Kwanza, mawingu hupanda mapema na mara nyingi huufunika mlima kabla ya adhuhuri. Pili, changarawe iliyogandishwa na baridi haiporomoki sana mguuni.

Kundi letu lilikuwa na watu sita. Tulipokaribia nusu ya mteremko ule mkali, kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, alianza kutapika na kupepesuka.

"Mzee, imebaki kidogo tu," alimsihi mwelekezi wetu.

"Kijana wangu, mlima hauhami," alijibu mzee. "Wewe unateremka sasa hivi."

Hakukuwa na mjadala. Huko juu hewa ni haba, na mwili usioizoea unaweza kujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo. Tiba ya kwanza ni kushuka. Kijana aliteremka na mwelekezi msaidizi, machozi yakimlengalenga.

Sisi tulifika kileleni giza likianza kupauka. Upande wa mashariki uliingia wekundu, kisha dhahabu. Batian na Nelion, kwa kuwa virefu zaidi, vilipakwa mwanga kabla yetu. Jua lilipojitokeza, kivuli cha mlima kilitanda magharibi hadi nyanda za Laikipia, kama pembetatu kubwa ya buluu. Hakuna aliyesema neno.

Ukiwa hapo utakumbuka kwamba usiku wa Uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya juu ya mlima huu.

Lakini mwanga ule ule hufichua jambo la kuhuzunisha. Mackinder na wenzake wawili walipofika Batian mwaka 1899, walikuta mito mipana ya barafu. Leo barafu ya Lewis, iliyo chini ya Lenana, imebaki vipande tu, kwa sababu ya ongezeko la joto duniani. Anayetaka kuionyesha familia yake asingoje sana.

Hata hivyo, asiende mbio. Alale usiku mmoja zaidi njiani, anywe maji mengi, na asimfiche mwelekezi maumivu ya kichwa.

Tuliporudi kambini tulimkuta yule mwanafunzi ameketi juu ya jiwe, kikombe cha uji mkononi, nafuu imekwisha kumjia. Alisema jua lilimfikia hata huko chini, na kwamba atarudi likizo ijayo. Wahenga hawakukosea: kawia ufike.