Nilisoma Barua Yangu Wiki Tatu Baadaye

Watu wangu, leo si video. Hii stori nikiisema mbele ya kamera nitajifanya ni ya kuchekesha, na si ya kuchekesha.

Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikarudi nyumbani Kitale, nikaanza kurekodi video na simu ya binamu yangu. Kitu sijawahi kuwaambia ni kwamba mwaka jana niliandikia chuo nikiomba kurudi. Mama alikuwa ameuza mahindi, tukapiga hesabu, tukaona muhula mmoja unalipika. Nikatuma ombi, nikangoja.

Kila jioni Mama aliuliza, "Wamekuandikia?" Nami namjibu, "Bado, Mama." Na si eti nilikuwa nadanganya. Nilikuwa nafungua imeili, naona kampuni ya kubeti inanipa bonasi, duka la viatu limeshusha bei, mtu nisiyemjua anataka kunirithisha mamilioni, nafunga. Barua ambazo sikuwa nimesoma zilikuwa zaidi ya elfu kumi na moja.

Siku moja nilikuwa kwa matatu, natoka Kitale kwenda Bungoma kurekodi harusi. Google ilikuwa imeniambia nafasi imejaa. Ile nafasi ya bure ya GB 15 inabeba barua, picha na faili zako zote pamoja, na ikijaa kabisa hata barua mpya haziingii. Basi tulipofika Kamukuywa nikaanza kufuta. Hapo ndipo nikaiona, imebanwa kati ya tangazo la mkopo na la kubeti. Ombi langu lilikuwa limekubaliwa, niripoti kabla ya Ijumaa. Hiyo Ijumaa ilikuwa imepita wiki tatu.

Hadi Webuye sikuongea na mtu.

Kumwambia Mama kulinichukua siku mbili. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwa hivyo ilikuwa hapo wakati wote?" Afadhali angenigombeza.

Chuo sikilaumu. Waliandika, tena kwa anwani niliyowapa mwenyewe. Wanaotuma matangazo nao wana makosa yao, lakini nilijiuliza: walinijuaje? Nikakumbuka. Wi-Fi ya bure mkahawani, niliandika imeili. Bonasi ya kubeti, niliandika imeili. Shindano la kushinda simu, kazi za mtandaoni, zote niliandika. Sisi vijana anwani tunaigawa kama peremende kwa sababu hatuoni kitu kikitutoka mfukoni.

Kwa hivyo nilikaa chini wikendi nzima nikasafisha. Ukitaka kufanya hivyo, anza hivi.

Usifute tu. Kufuta peke yake ni kufagia uwanja chini ya mti unaoangusha majani. Tafuta neno "unsubscribe" kwa barua zako, yale matangazo yote yatajipanga, halafu jiondoe moja baada ya nyingine. Tangu 2024 Google inawataka wanaotuma matangazo 5,000 au zaidi kwa siku waweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja.

Lakini yule wa kukurithisha mamilioni, usibonyeze chochote chake. Ukibonyeza unamwambia kuna mtu nyumbani. Mripoti kama taka, basi.

Fungua anwani ya pili ya Wi-Fi, mashindano na vitu vya bure. Ama kama unatumia Gmail, ongeza alama ya kujumlisha na neno lolote kabla ya @, kama jina+viatu. Barua bado itakufikia, na siku kampuni ya mikopo itakuandikia kwa anwani ya viatu, utajua ilitokea wapi.

Mwisho, weka kichujio cha wale unaowangoja: chuo, wateja, benki. Barua zao zipewe nyota na zisiwahi kutupwa kwa taka.

Na mjue sheria iko upande wetu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu apate idhini yako kabla ya kutumia data yako kwa biashara. Ukimwambia aache na hasikii, kuna Kamishna wa Data wa kupelekea malalamiko. Si ofisi ya maonyesho: mwaka 2023 ilitoza kampuni moja ya mikopo ya simu Sh2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizopata kwa watu wengine kuwasumbua watu. Lakini sheria haiwezi kukusaidia ikiwa kila siku unaendelea kusema ndiyo bila kusoma.

Kuna watu wataniambia imeili ni kitu cha wazee, siku hizi ni WhatsApp. Sawa. Lakini chuo hakikuniandikia WhatsApp. Mteja wa kwanza kunilipa vizuri pia hakuniandikia WhatsApp. Vitu vinavyobadilisha maisha bado vinapitia mlango ambao tumeujaza takataka.

Nimeomba tena. Jana jioni Mama alikuwa anachambua maharagwe, akauliza bila kuinua kichwa, "Wamekuandikia?"

Nikafungua simu. Barua nne, zote nimezisoma.

"Bado, Mama."

Safari hii nilikuwa na uhakika.